Siku Kitanda cha Wazazi Kilipopimwa Mtandao

Alhamisi, Nyansurura. Jioni, manyunyu.

Mvua ilianza mchana, ikapiga bati za zahanati mpaka tukawa tunaelewana kwa mikono, na sasa yamebaki manyunyu ya kukera tu. Nimekaa barazani, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi, maana leo nimetembea hadi nyayo zinalalamika. Mume wangu yuko Nyakunguru kwenye machimbo. Kumpigia ni mpaka nipande jiweni, na jiwe likiloa linateleza. Kwa hiyo habari yangu naimwaga hapa.

Leo nimeona nguvu ya mtandao ikipimwa.

Unaweza kusema, sasa hicho nacho ni kitu cha kuandika? Mimi pia jana ningesema hivyo. Jana nilikuwa najua aina mbili tu za mtandao: upo na haupo. Leo nimejua kwamba kati ya upo na haupo kuna nchi nzima, ina mabonde na vilima vyake, na kuna watu ambao kazi yao ni kuitembea nchi hiyo wakiwa na kipimo mkononi. Nimewaheshimu. Na mimi si mtu wa kuheshimu watu haraka, mama yangu kule Turwa anaweza kuwa shahidi.

Kwa asiyenijua: jina langu ni Ghati, ni muuguzi wa zahanati hapa kijijini, na kila mtu ananiita Nesi, hata watoto wanaoanza kulia wakiniona kwa mbali. Zahanati yetu iko bondeni karibu na kijito, mahali pazuri kwa bustani ya mchicha na pabaya kwa simu. Ukitaka kupiga simu unatoka, unapita shamba la mihogo, unapanda mpaka kwenye mwamba mkubwa tunaouita Jiwe la Simu. Pale juu vijiti vya mtandao vinajaa. Kila mtu ana sehemu yake. Vijana wa bodaboda wanakaa karibu na ufa, mwenyekiti wetu wa kijiji, mzee Mwita, ana upande wake wenye kivuli, na mimi nina pembe yangu ambayo wameniachia kwa heshima ya kazi.

Ubaya wa jiwe ni kwamba siri za kijiji zote zinatangazwa pale. Halafu kuna hili la wakwe. Kwetu mwanamke hawezi kupanda akasimama bega kwa bega na baba mkwe wake, ni utovu wa adabu, kwa hiyo mzee akiwa juu mwanamke anasubiri chini mpaka amalize. Na wazee wetu wakishika simu hawamalizi. Wanaanza na ng'ombe, wanapita kwenye mvua, wanarudi kwenye ng'ombe. Nimeshaona mama ana mtoto wa homa mgongoni, amesimama chini ya jiwe akihesabu mawingu, wakati juu mtu anauliza dume la fulani lina pembe za namna gani.

Sasa nikuambie habari ya Robi, maana bila yeye leo ingekuwa siku ya kawaida tu.

Robi ameolewa kwenye boma la mama Nyangi, ng'ambo ya kijito. Uzazi wake uliopita alijifungulia hapa kwangu, mtoto akatoka salama, halafu damu ikakataa kusimama. Nilifanya yote niliyofundishwa. Mwisho nilimwacha na mhudumu wetu amemkandamiza tumbo, nikakimbia jiweni nikiwa na glavu mikononi, nikaita gari la wagonjwa kutoka Mugumu. Gari likaja, Robi akapona, mtoto sasa anafukuza kuku. Kijiji kinaikumbuka siku ile kwa furaha, wanasema unaona, mtandao ulimwokoa Robi. Mimi naikumbuka kwa namna yangu. Naukumbuka ule muda ambao mimi nilikuwa jiweni na yeye alikuwa kitandani.

Robi ni mjamzito tena, na tumbo limeshashuka.

Mwanamke aliyetokwa damu vile hatakiwi kujifungulia zahanati kama yetu. Anatakiwa aende mapema, akasubiri karibu na hospitali. Robi mwenyewe anataka, na ana shangazi yake huko Mugumu ambaye ameshaandaa chumba. Anayekataa ni mama mkwe. Na pale bomani, mama Nyangi akikataa, mtoto wake wa kiume anaangalia chini na mjadala umeisha.

Nimembembeleza. Nimemtisha. Kuna wiki nilimnunia kabisa, nikimwona sokoni natazama nyanya. Jibu lake halibadiliki: yeye amezaa watoto wake wote kwenye ardhi hii, mkwe wake hatakwenda kukaa kwa watu kama mkimbizi, na tena, Nesi, mtandao si upo? Utapiga, gari litakuja, kama siku ile. Hapo ndipo nilipokuwa naishiwa maneno. Kwa sababu ni kweli nilipiga, na ni kweli gari lilikuja.

Nakiri kwamba hata mimi nilishaanza kujidanganya kidogo. Nilisema moyoni, labda itakuwa rahisi safari hii, labda jiwe litakuwa tupu.

Basi ikaja habari kwamba mpimaji wa mtandao atafika, na vipimo vyake ndivyo vitakavyosema kama sisi ni wa kuwekewa mnara au la. Mwenyekiti aliitisha kikao. Sijawahi kuona kijiji hiki kikikubaliana haraka namna ile. Kwetu mgeni hapelekwi palipo pabaya. Anapewa kiti kizima, mnofu ulionona na upande wa nyumba usiovuja. Kwa hiyo uamuzi ulikuwa mmoja tu, na mimi niliunyooshea mkono: mgeni atapelekwa moja kwa moja jiweni.

Tulifyeka nyasi kote kuzunguka jiwe. Mimi mwenyewe nilipanda na fagio, nikafagia mwamba kama sebule. Viti vya plastiki vya zahanati vikabebwa vichwani, mbuzi akachinjwa, mzee Mwita akaahidi nyama choma ya kuchovya kwenye kichuri, ule mchuzi mchungu wa tumboni mwa mnyama ambao ukiupenda umekuwa mwenyeji. Vijana wa bodaboda wakaamriwa waoge.

Mgeni ameshuka garini leo asubuhi, na ni dada mfupi, mwembamba, amevaa buti za mvua na kofia ya kushonwa. Anaitwa Tumaini, kwao ni Tukuyu huko Mbeya. Gari lake lina antena imesimama juu ya paa, na ndani kuna simu zimefungwa kwenye fremu, kompyuta mpakato, na kipimo chenye skrini ambayo mstari wake unacheza kama mapigo ya moyo. Aliwaamkia wazee wote shikamoo, mmoja mmoja, bila kuruka. Hapo alishashinda nusu ya vita.

Tukampandisha jiweni kwa maandamano.

Nilidhani ataangalia simu, aseme mtandao upo, tukale. Kumbe sivyo. Alisimama katikati ya mwamba akiwa ameshika kipimo mbele ya kifua, akatulia. Halafu akaanza kugeuka polepole, kidogo kidogo, mpaka akamaliza mduara. Akasogea, akageuka tena. Nilimsogelea kwa kisingizio cha kumshikia mwavuli wa jua, nikachungulia. Namba haikutulia hata mara moja, ilikuwa inapanda na kushuka yenyewe, na yeye anaiacha icheze, haichukui namba ya kwanza wala ile nzuri kuliko zote. Aliniambia mawimbi yanafika yakiwa yamegonga mawe, miti na mabati, mengine yanasaidiana na mengine yanauana, kwa hiyo ukichukua namba moja tu umechukua bahati. Yeye anachukua nyingi, anatafuta ya katikati. Nilimpenda kwa hilo. Hata mapigo ya moyo ya mtoto tumboni husikilizi mara moja ukaondoka.

Mwishowe mzee Mwita akashindwa kuvumilia, akauliza tumepata ngapi.

Tumaini akasema, hapa ni hasi sabini na nane.

Jamani, uso wa mwenyekiti. Hasi, baada ya mbuzi? Alimwangalia yule dada kama mtu aliyetukaniwa boma. Tumaini akacheka taratibu, akasema mzee, hasi ya huku si aibu, ni kwamba tunapima kitu kidogo sana. Sifuri yetu tumeiweka kwenye miliwati moja, yaani wati moja ukiigawa mara elfu. Simu haihitaji hata hiyo miliwati. Inakula makombo ya makombo. Kwa hiyo karibu kila namba unayoiona iko chini ya sifuri, na kadiri inavyozama ndivyo mtandao unavyokonda. Hasi sabini na nane ni chakula kizuri. Hasi mia moja ni njaa. Hasi mia na ishirini, simu inakata tamaa.

Wengine walitikisa vichwa kwa adabu. Mimi nilitaka maelezo zaidi, nikambana. Akasema kila ukishuka kumi, nguvu imegawanywa kwa kumi. Si kwamba imepungua kumi. Imegawanywa. Na ukishuka tatu tu, umebaki na nusu.

Hapo kichwani kwangu taa ikawaka, kwa sababu hiyo ni dawa. Chukua mililita moja ya dawa, iongezee maji mpaka ifike kumi. Katika hiyo chukua mililita moja, iongezee tena mpaka kumi. Endelea. Hasi themanini ni kufanya hivyo mara nane. Ni kiasi ambacho hata ukikitafuta kwa darubini hukioni, na bado kimebeba sauti ya mume wangu, mpaka kile kikohozi chake cha vumbi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikaitazama simu yangu ya kuchubuka kama naiona leo. Kitu kinapokea tone la dawa kwenye bwawa zima, na bado kinalionja.

Nikamuuliza, na hivi vijiti? Akasema vijiti ni mapambo. Kila kampuni ya simu inavichora kwa ukarimu wake. Simu yako inaweza kuonyesha viwili pale pale ambapo yangu inaonyesha vinne. Akaniambia pia kwa nini jiweni tunasikika halafu tunakatika: pale juu simu inasikia minara mingi ya mbali kwa wakati mmoja, yote inaiongelesha, haijui iujibu upi. Kwa hiyo yeye hapimi nguvu peke yake, anapima na usafi. Mtandao unaweza kuwa na nguvu na bado ukawa mchafu. Miaka yote nikikatika namlaumu mume wangu.

Halafu akageuza kompyuta ili mwenyekiti aone.

Ilikuwa ramani ya eneo letu lote. Njia aliyopita na gari ilikuwa imejipaka rangi yenyewe nyuma yake, nyekundu, njano, kijani, kufuata namba. Na pale tulipokaa palikuwa na doa kubwa la kijani. Akasema, sauti ya upole kabisa, kwamba wapimaji waliotangulia nao walipimia hapa hapa. Kwenye ramani, Nyansurura yetu ni kijani. Kwa kipimo hiki, wazee wangu, hamhitaji mnara.

Mbuzi alikuwa anaendelea kuiva.

Tulikuwa tumejifuta wenyewe, kwa ukarimu. Kila aliyekuja kutafuta shida yetu tulimshika mkono tukampeleka mahali pekee ambapo shida haipo, tukamfagilia na kiti juu. Nilitamani mwamba unimeze.

Nashukuru Tumaini hakutucheka. Alifunga kompyuta, akanigeukia mimi, akauliza, "Nesi, mgonjwa akizidiwa, simu yako inakuwa wapi?"

Nikasema inakuwa mfukoni, haina kazi, na mimi nakuja hapa mbio.

Akasema, "Basi hapa nimepima mbio zako. Sijapima zahanati."

Tukateremka, njiani nikamsimulia ya Robi na mama mkwe wake. Mzee Mwita hakufurahi, alitembea pembeni yetu akinong'ona na wazee wenzake. Kwake ilikuwa aibu mgeni kupitishwa kwenye tope kuonyeshwa upungufu kabla hata hajaonja nyama. Alinivuta kando. "Nesi, utampeleka mgeni mpaka chumba cha wazazi? Chumba chenyewe kinavuja." Nikamwambia ndiyo, mzee wangu, na kama angeweza kupima na mvujo ningemwomba apime. Akaguna.

Nilitembea nyuma ya Tumaini nikisoma namba. Sijui nikuelezeje. Njia ile nimeipita kila siku, naijua kila jiwe lake, lakini leo niliiona kwa mara ya kwanza. Kwenye mihogo, hasi tisini. Tulipofika penye miti ya mikaratusi, tisini na sita. Mteremko unapoanza, mia moja, kwa sababu kilima kimeshasimama kati yetu na mnara wa mbali. Uwanjani mwa zahanati ikawa hasi mia na tano. Tumaini akapiga hesabu, akasema tangu jiweni mpaka hapa nguvu imegawanywa zaidi ya mara mia nne. Nilikuwa nimeshuka mteremko huo mara ngapi bila kujua naacha kitu njiani.

Leo ni siku ya kliniki, kwa hiyo akina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Robi alikuwepo, na mama Nyangi alikuwa amekaa kando yake, fimbo magotini, ananitazama kwa jicho lile la kwamba usianze.

Sikuanza. Nilimpitisha Tumaini barazani, hasi mia na tisa, tukaingia ndani, na ukuta na bati vikala vilivyokula, mpaka chumba cha wazazi. Alivua buti mlangoni, bila kuambiwa. Akaomba ruhusa ya kuweka kipimo juu ya kitanda, kwa sababu, alisema, anataka kujua hali ilivyo pale mtu anapolala, si katikati ya chumba. Akakiweka kwenye ule mpira mweusi wa kitanda, taratibu, akarudi nyuma.

Hasi mia kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na sita.

Simu yake ya kawaida, aliyoiweka pembeni, ilikuwa bado inaonyesha kijiti kimoja. Na hapo mlangoni nikasikia sauti ya mama Nyangi. Alikuwa ametufuata, maana mwanamke yule hakuna kitu cha kijiji hiki kitakachompita bila yeye kukiona. Akasema, si mnaona, upo. Mdogo, lakini upo.

Tumaini akamwamkia shikamoo, mama, akamkaribisha ndani. Halafu akaniambia nisimame kama ninavyosimama mama akiwa anajifungua. Nikasimama pale miguuni mwa kitanda. Akamwomba mhudumu asimame anaposimama. Akamwuliza mama Nyangi, kwa heshima zote, wewe mama siku ile ya mkweo ulisimama wapi? Mama Nyangi akasogea upande wa kichwa, ukuta wa dirishani, akaweka mkono pembezoni mwa kitanda. Nafikiri hata hakuwaza, mwili ulijipeleka wenyewe.

Namba ikazama. Mia na kumi na tisa. Mia ishirini na moja. Kijiti kikazimika, na kwenye ile simu yakaandikwa maneno ya kwamba hakuna huduma.

Mama Nyangi akainama kutazama. Akarudi nyuma hatua kadhaa, mpaka mlangoni, na kijiti kikachechemea kikarudi. Akasogea tena dirishani. Kikafa. Akarudia tena peke yake, hakuna aliyemwambia, fimbo imebaki imeegemea ukuta.

"Ni mimi?" akauliza.

Tumaini akamjibu kwamba ni sisi wote. Mwili wa mtu ni maji mengi, mama, na mawimbi hayapendi maji. Mkija kumsaidia mnamzunguka, na mkimzunguka mnaziba kile kidogo kilichobaki. Hata mimi hapa nimeziba.

Mama Nyangi aliendelea kutazama kitanda, si kipimo. Nje Robi alikuwa anacheka na wenzake kwenye benchi kwa jambo fulani, tukawa tunamsikia.

Tumaini aliendelea na kazi yake, akapima kila kona ya chumba, akapima dawatini kwangu, akapima hata chooni. Sijawahi kuona mtu anachukulia kwa uzito namna ile kitu ambacho hakipo. Kila penye udhaifu alikaa muda mrefu zaidi kuliko penye nguvu. Anasema penye mtandao mwingi hakuna kazi, kazi iko pale unapokaribia kwisha, kwa sababu hapo ndipo unapotakiwa uwe na uhakika kama umekwisha kweli au wewe ndiye umekaa vibaya. Nilimfuata kote nimeshika mwavuli uliokunjwa, nikajisikia kama nimerudi chuo mwaka wa kwanza, na nilikuwa nimesahau kwamba hiyo raha ipo.

Na mwenyekiti? Huyo ndiye aliyenimaliza. Tulipotoka alikuwa amesimama uwanjani amekunja uso. Akamwuliza Tumaini kama ni kweli kwamba panapotakiwa ni pabaya. Akaambiwa ni kweli. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi twende kwangu. Kwangu ni pabaya kuliko hapa." Na watu wengine wakadakia hapo hapo, kila mtu anataka kwake ndiyo kuwe kubaya zaidi. Mzee mmoja aliapa kwamba nyuma ya zizi lake hata redio haisemi. Mwenyekiti akawanyamazisha, mura nyie, vijana, tulieni, akapanga msafara, na tukazunguka kijiji kizima tukimwonyesha mgeni mapungufu yetu kwa fahari ile ile tuliyomwonyesha jiwe. Nyama tulikula tumesimama. Kichuri alionja, akafumba macho, akaonja tena.

Mvua ilitukuta ng'ambo ya kijito. Kabla hajaondoka alinionyesha ramani kwa mara ya mwisho, tumejibana ndani ya gari, kioo kimejaa ukungu. Doa la kijani la jiweni lilikuwa bado lipo, dogo, na kote kuzunguka, bondeni, kwenye maboma, kwenye shule, palikuwa pekundu. Nikamwuliza kitanda changu kiko wapi. Akakuza picha kwa vidole, akanionyesha nukta moja nyekundu iliyoiva kabisa. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kufelishwa.

Hakuniahidi mnara. Alisema yeye anapima tu, wanaoamua ni wengine, na inaweza kuchukua muda mrefu. Nilipenda kwamba hakunidanganya. Lakini nilianza kuvunjika moyo niliposimama barabarani natazama taa za gari lake zinapotelea kwenye mvua, kwa sababu mtoto wa Robi hasubiri wanaoamua. Na sasa najua namba yenyewe. Zamani ningeweza kusema labda. Leo nimeona labda yangu inazimika mbele ya macho yangu, na mimi ndiye nimeiziba.

Nimeacha kuandika hapo juu kwa sababu mtu alipiga hodi.

Alikuwa mama Nyangi. Amejifunika mfuko wa mbolea kichwani, amelowa mpaka magotini, amevuka kijito peke yake na maji yamepanda. Nilimwamkia, nikamvutia kiti, akakataa kukaa. Nikaenda kumletea chai, nikarudi nimemkuta amesimama vile vile, anatazama upande wa zahanati. Nilijua amekuja kugomba. Nilishaanza kuyapanga majibu yangu.

Akasema siku ile alifikiri nimekimbia. Nilipotoka mlangoni na glavu zangu, yeye alibaki ameshika kichwa cha Robi, na alifikiri Nesi ameona mgonjwa anakufa akakimbia asione. Mpaka gari lilipokuja ndiyo akaelewa. Lakini ule muda wa katikati aliukaa wote, na hajawahi kumwambia mtu.

Nikamsogezea kiti tena, kikombe bado kiko mkononi mwangu.

Akafuta maji usoni kwa kiganja. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini kama anauliza kitu cha aibu, "Nesi, hao wanaokwenda kusubiri Mugumu, huwa wanabeba nini?"

Nikaanza kumtajia. Vitenge viwili vya kumpokelea mtoto. Beseni. Sabuni. Kadi ya kliniki asiisahau. Nilipofika kwenye nguo za mtoto nikainama, nikajifanya napuliza chai. Yeye alikuwa anarudia kila kimoja kwa mdomo, polepole, ili asikisahau njiani.

Gari la kwenda Mugumu linapita asubuhi na mapema. Nimemwambia asimbebeshe Robi kitu chochote, kesho nitakuja mwenyewe kubeba.